Picha Safi Si Ushahidi wa Moyo Mzima

Wazo linalotawala kuhusu ugonjwa wa moyo, hospitalini na mitaani, ni la bomba lililoziba. Mafuta hujikusanya kwenye ukuta wa mshipa, njia inazidi kuwa nyembamba, kisha siku moja damu inaganda hapo na mtu anaanguka. Kutokana na wazo hilo imezaliwa kanuni inayoonekana kuwa ya busara: picha ya mishipa ya moyo ikitoka safi, na lehemu ikawa ya kawaida, basi maumivu ya kifua hayatoki moyoni. Mgonjwa, hasa akiwa mwanamke, ataambiwa ana vidonda vya tumbo, ana gesi, au ana mawazo mengi. Naipinga kanuni hii, na naipinga kwa uzito, kwa sababu inawaacha watu wenye ugonjwa halisi, unaotambulika na kutibika, bila jina la kinachowaumiza na bila dawa. Ugonjwa wenyewe ni mkakamao wa mishipa ya moyo. Msuli uliomo katika ukuta wa mshipa hujibana ghafla, njia ya damu ikafinyika au ikafunga kabisa kwa dakika chache, kisha ukaachia. Mshipa unaofanya hivyo saa kumi usiku unaweza kuonekana mpana na laini saa nne asubuhi, wakati mgonjwa amelala kwenye meza ya picha.

Kanuni ya bomba haikuanza kwa uzembe. Ina historia ya heshima, na ni vizuri kuielewa kabla ya kuishambulia. Mwaka 1912 James Herrick wa Chicago alieleza jinsi damu iliyoganda inavyoweza kuziba mshipa wa moyo na mgonjwa asife papo hapo. Mwaka 1958 Mason Sones, kule Cleveland, aligundua namna ya kumimina rangi ndani ya mshipa mmoja mmoja wa moyo na kuupiga picha. Mwaka 1967 René Favaloro, katika hospitali hiyo hiyo, akaanza kutumia mshipa wa mguu kupitisha damu pembeni ya sehemu iliyoziba. Mwaka 1977 Andreas Grüntzig akatanua mshipa kwa puto jijini Zürich, na baadaye zikaja stenti. Hatua hizi zimeokoa maisha ya watu wengi mno. Lakini kila moja ilielekeza macho mahali pale pale: pembamba papi, na papanuliwe vipi? Taifa zima la wataalamu lilipopata chombo cha kuona wembamba wa kudumu, lilianza kuamini kwamba wembamba wa kudumu ndio ugonjwa wenyewe. Kisichoonekana kwa chombo hicho kikahamishiwa kwa daktari wa tumbo au kwa mshauri wa akili.

Hata hivyo ushahidi wa upande wa pili ulikuwapo mapema. Mwaka 1959 Myron Prinzmetal na wenzake wa Los Angeles walieleza aina ya maumivu ya kifua iliyokwenda kinyume na kila kitu walichofundishwa wanafunzi wa udaktari. Maumivu haya hayakuja mtu anapopanda ngazi au kubeba mzigo. Yalikuja amepumzika, mara nyingi katika saa zile zile za siku, na yakiwepo, mstari wa kipimo cha umeme wa moyo ulipanda juu kama wa mtu mwenye shambulio la moyo. Yakipita, mstari ulirudi kama kawaida. Prinzmetal alikisia kwamba mshipa ulikuwa unajibana. Katika miaka ya 1970 kisio hilo liligeuka kuwa jambo la kuonekana kwa macho, wagonjwa walipopigwa picha wakati shambulio likiendelea. Attilio Maseri na kundi lake la Pisa, Italia, walifuatilia wagonjwa saa baada ya saa, na mwaka 1978 wakachapisha hoja kwamba mkakamao unaweza kuwa chanzo cha shambulio kamili la moyo, lile linaloua nyama ya moyo. Kule Japani, Hirofumi Yasue alionyesha jambo ambalo lingepaswa kubadilisha utaratibu wa kila kliniki: wagonjwa hawa wakifanyiwa mazoezi alfajiri hupata shambulio, lakini wakifanya mazoezi yale yale mchana wengi wao hawapati lolote. Hebu tafakari maana yake. Kipimo cha kukimbia kwenye mashine, kinachofanyika saa za kazi, kinaweza kumpa cheti cha afya mtu ambaye moyo wake ulikosa damu saa chache kabla.

Kosa la msingi la wazo la bomba ni kusahau kwamba mshipa una uhai. Ukuta wake una msuli laini unaoongozwa na kalsiamu inayoingia ndani ya seli, na una utando wa ndani unaotoa gesi ya nitriki oksidi ili kuulegeza msuli huo. Mwaka 1980 Robert Furchgott alionyesha kwamba asetilikolini, kemikali ya mishipa ya fahamu, hulegeza mshipa wenye utando mzima, lakini utando ukiondolewa mshipa huo huo hujibana. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Yasue na wenzake waliichukua asetilikolini hadi chumba cha wagonjwa: mwaka 1986 walieleza jinsi kiasi kidogo kikimiminwa ndani ya mshipa wa moyo kinavyoamsha mkakamao kwa wenye ugonjwa huu. Kundi la Hiroaki Shimokawa, nalo la Japani, likaenda hatua nyingine ndani ya seli na kukuta kimeng'enya kiitwacho Rho-kinesi, ambacho kikizidi kufanya kazi huuzuia msuli kuachia baada ya kujibana. Walipowapa wagonjwa fasudili, dawa inayozuia kimeng'enya hicho, kwa wengi wao asetilikolini ilishindwa kuamsha mkakamao uliokuwa umeamka muda mfupi kabla. Hapa pana chanzo, pana njia ambayo chanzo hupitia, na pana dawa inayoikata njia hiyo. Magonjwa mengi tunayoyaheshimu bila ubishi hayana ushahidi uliokamilika kiasi hiki.

Atajibu mtetezi wa kanuni ya zamani: sawa, jambo lipo, lakini ni la nadra. Tuangalie takwimu. Mwaka 2010 jarida la tiba la New England lilichapisha uchambuzi wa karibu watu 400,000 nchini Marekani waliopigwa picha ya mishipa ya moyo kwa miadi, wote wakiwa hawajawahi kujulikana kuwa na ugonjwa huo. Waliokutwa na mshipa ulioziba kwa kiwango cha maana walikuwa asilimia 37.6 tu. Sidai kwamba waliobaki wote walikuwa na mkakamao. Baadhi yao hawakuwa hata na maumivu. Lakini kundi la Stuttgart, Ujerumani, lilithubutu kuuliza swali la pili. Katika utafiti mmoja, wagonjwa 488 walifika na dalili za shambulio la moyo, na 138 kati yao hawakuwa na mshipa wa kulaumiwa kwenye picha. Wagonjwa 86 wa kundi hilo wakapimwa kwa asetilikolini, na 42, yaani karibu nusu, wakapata mkakamao. Katika utafiti mwingine wa kundi hilo hilo, wagonjwa 124 wenye maumivu ya kifua na mishipa isiyoziba walipimwa kwa njia hiyo, na asilimia 62 wakaonyesha kasoro, ama katika mishipa mikubwa ama katika ile midogo isiyoonekana kwenye picha. Kinachoitwa nadra mara nyingi ni kile ambacho hakitafutwi. Na wale wanaosema huu ni ugonjwa wa Wajapani wakumbuke kwamba Stuttgart haiko Asia. Ni kweli kwamba Japani na Korea zina wagonjwa wengi zaidi, na kuna sababu za kurithi zinazojulikana, mojawapo ikiwa ule upungufu wa kimeng'enya cha kuvunja pombe unaowafanya watu wengi wa Asia Mashariki kuwa wekundu usoni wakinywa. Wingi wa ugonjwa mahali pamoja hauufuti mahali pengine.

Sasa nifike kwenye damu, kwa maana hapa ndipo mjadala wa siku hizi umechachamaa, na hapa kosa linafanywa na pande zote mbili. Upande wa kwanza unasema: lehemu ni nzuri, hakuna kisukari, presha si mbaya, kwa hiyo moyo uko salama. Hoja hiyo inahamisha viashiria vya ugonjwa mmoja kwenda kupima ugonjwa mwingine. Katika mkakamao, kihatarishi kinachojitokeza mara kwa mara kuliko vyote ni sigara. Uhusiano wake na lehemu mbaya, kisukari na presha ni dhaifu kuliko tulivyozoea kwa mishipa iliyoziba. Hata troponini, protini inayovuja nyama ya moyo inapoumia, huweza kubaki chini kabisa mkakamao ukiwa wa dakika chache, kwa sababu damu imerudi kabla nyama haijafa. Kumrudisha mtu nyumbani kwa sababu troponini haikupanda ni kuthibitisha tu kwamba hajapoteza nyama ya moyo usiku huo.

Upande wa pili una shauku ambayo naielewa lakini nahofia matokeo yake. Tafiti za Japani na Taiwan zimekuta kwamba wenye mkakamao, kwa wastani, wana kiwango cha juu kidogo cha CRP, protini inayotengenezwa na ini mwili unapokuwa na mchochota. Nyingine zimekuta lipoprotini (a), chembe inayobeba lehemu katika damu, ikiwa juu, nyingine zimekuta kasoro ya jeni ya kimeng'enya kinachotengeneza nitriki oksidi, nyingine zimepima Rho-kinesi katika seli nyeupe za damu na kuiona ikifanya kazi kupita kiasi. Yote haya ni ya maana kwa sababu yanaelekea mahali pamoja: utando ulioumia, mchochota wa polepole, msuli usioachia. Yanaunga mkono hoja kwamba mkakamao ni ugonjwa wa mwili, wala hautokani na woga wa mgonjwa. Lakini kutoka hapo hadi kuuza kipimo cha damu kama jibu ni mruko mkubwa mno. Sigara peke yake hupandisha CRP, na wenye mkakamao wengi huvuta sigara. Unapoona vitu viwili pamoja hujui bado kipi kimezaa kipi, au kama cha tatu kimevizaa vyote. Mwaka 2011 uchambuzi mkubwa wa vinasaba ulionyesha kwamba watu waliorithi CRP ya juu hawaugui zaidi mishipa ya moyo, jambo linaloonyesha kwamba CRP huandamana na ugonjwa bila kuuleta. Kuhusu lipoprotini (a) lipo tatizo linalotugusa sisi moja kwa moja: watu wenye asili ya Afrika, kwa wastani, huwa na kiwango cha juu kuliko Wazungu na Waasia. Mpaka uliochorwa kwa damu ya watu wa Japani au Taiwan ukiletwa Mombasa bila kupimwa upya utawaita wagonjwa watu wasio na neno.

Kwa hiyo msimamo wangu kuhusu viashiria ni huu: vinatufundisha jinsi ugonjwa unavyofanya kazi, na siku moja huenda vikatuonyesha nani yuko hatarini zaidi, lakini leo hakuna hata kimoja kinachoweza kusema mkakamao upo au haupo. Wanaotumia lehemu nzuri kuukana ugonjwa, na wanaotumia CRP ya juu kuuthibitisha, wamefanya kosa la aina moja. Wote wawili wamekwepa kuuliza mshipa wenyewe.

Pingamizi linalostahili heshima zaidi ni lile linalosema mkakamao ni hatua ya mwanzo tu ya mafuta kwenye mshipa, kwa hiyo hauhitaji jina lake. Wanaolitoa wana ushahidi. Mwaka 1986, mwaka ule ule wa Yasue, watafiti wa Boston walionyesha kwamba asetilikolini hubana mishipa iliyoanza kushika mafuta badala ya kuilegeza. Na vipimo vya sauti vinavyoingizwa ndani ya mshipa vimekuta utando ulionenepa mahali ambapo mkakamao hutokea, hata pale picha ya rangi ilipokuwa safi. Nakubali yote hayo. Lakini yanatetea hoja yangu, hayaivunji. Kama ukuta una ugonjwa ambao picha haiuoni, basi picha safi ni ushahidi dhaifu zaidi ya nilivyosema. Tena, watu wenye mafuta kidogo kwenye mishipa ni wengi mno. Wanaopata mkakamao ni wachache kati yao. Lazima kuwe na kitu cha ziada ndani ya msuli, na kitu hicho kina tiba yake. Dawa za statini, zile za kushusha lehemu, nazo zina nafasi: watafiti wa Japani waliongeza fluvastatini juu ya dawa ya kuzuia kalsiamu, na baada ya miezi sita wagonjwa wachache zaidi walipata mkakamao kwa asetilikolini. Hiyo ni nyongeza juu ya tiba ya mkakamao, na haiwezi kushika nafasi yake.

Wengine husema kipimo cha asetilikolini kinaweza kuamsha mkakamao kwa mtu yeyote, kwa hiyo hakithibitishi kitu. Hofu hiyo ilishajibiwa na kundi la kimataifa la COVADIS lilipoweka vigezo vya pamoja. Haitoshi mshipa kujibana kidogo. Unatakiwa kufinyika kwa zaidi ya asilimia 90, huku mgonjwa akihisi maumivu yale yale anayoyajua na kipimo cha umeme kikionyesha moyo unakosa damu. Wapo pia wanaosema kipimo ni cha hatari. Hatari ipo, na asiyeitaja hasemi ukweli: katika rejista ya Japani, asilimia 3.2 ya wagonjwa waliopimwa walipata mapigo ya hatari ya moyo yaliyohitaji kushughulikiwa hapo hapo. Lakini hatari hiyo hutokea mrija ukiwa ndani ya mshipa na nitrogliserini, dawa ya kuulegeza mshipa, ikiwa mkononi mwa daktari. Katika rejista ya wagonjwa 1,429 wa mkakamao, 35 waligundulika baada ya moyo kusimama nje ya hospitali, nyumbani au barabarani, ambako hakuna aliyeshika dawa yoyote.

Madhara ya kukosa jina la ugonjwa hayaishii kwenye hofu. Mgonjwa mwenye maumivu ya kifua ambaye hakufikiriwa kuwa na mkakamao mara nyingi hupewa dawa za kundi la beta, kama propranololi au atenololi, kwa kuwa ndizo zinazosaidia mshipa ulioziba. Kwa mwenye mkakamao, propranololi inaweza kuyarefusha mashambulio, kwa sababu inafunga ule mlango wa neva unaolegeza mshipa na kuuacha wazi unaoubana. Sumatriptani ya kipandauso ina hatari hiyo hiyo, na kokeini pia. Ergometrini, ambayo wakunga wameitumia miaka mingi kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, ndiyo madaktari wa moyo waliyoitumia kuchokoza mkakamao kwa makusudi. Mwanamke aliyeambiwa moyo wake hauna neno hana sababu ya kumtahadharisha mkunga wake. Kwa upande mwingine, dawa zinazotuliza mkakamao, amlodipini, nifedipini, diltiazemu, ni za bei nafuu na za miaka mingi. Mgonjwa asiache dawa za beta ghafla kwa kusoma makala. Kuziacha kwa mkupuo kuna hatari yake. Ila ana haki ya kuuliza kwa nini alipewa.

Je, kuupa ugonjwa jina kunabadilisha maisha? Glasgow walifanya jaribio la CORMICA, lililochapishwa mwaka 2018, kwa namna iliyo safi sana. Wagonjwa 151 wenye maumivu lakini bila mshipa ulioziba walipimwa wote utendaji wa mishipa. Nusu madaktari wao waliambiwa matokeo na kupanga tiba kwa kuyafuata, nusu matokeo yalifichwa. Baada ya miezi sita, kundi lililojulikana ugonjwa wake lilikuwa na maumivu machache na maisha bora kuliko lile lingine. Jaribio la baadaye la huko huko, CorCTCA, kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa picha ya CT, halikupata nafuu hiyo ya maumivu, ingawa lilibadilisha utambuzi wa wagonjwa wengi na kuwafanya waridhike zaidi na tiba yao. Sitalificha jaribio hilo. Linanionya kwamba jina peke yake halitoshi na kwamba tiba zetu bado hazijakamilika, hasa kwa mishipa midogo. Halirudishi uhai kwa kanuni inayosema wagonjwa hao hawana ugonjwa.

Limebaki pingamizi la umaskini, ambalo katika nchi zetu hutolewa kana kwamba linamaliza mazungumzo. Mitambo ya kupiga picha mishipa ya moyo ni michache. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam inayo, hospitali kadhaa za Nairobi zinayo, lakini wilayani hakuna. Asetilikolini ya kumimina moyoni itatoka wapi? Najibu kwamba nusu ya utambuzi wa mkakamao haihitaji mtambo huo. Vigezo vya COVADIS vyenyewe vinakubali njia ya historia na kipimo cha umeme: maumivu yanayokuja mtu amepumzika, hasa kati ya usiku wa manane na alfajiri, yanayotulia haraka kwa nitrogliserini chini ya ulimi, na mstari wa umeme unaobadilika wakati wa maumivu. Kuuliza saa ya maumivu hakuna gharama. Kuuliza kuhusu sigara, na kumsaidia mtu aache kweli, ndiyo tiba ya kwanza ya ugonjwa huu popote duniani. Mashine ya kipimo cha umeme wa moyo ipo katika hospitali nyingi za wilaya. Kinachokosekana ni agizo la kumpima mgonjwa maumivu yakiwepo, hata kama ni saa kumi na moja alfajiri wodini, badala ya kusubiri yapite. Amlodipini na nifedipini zipo tayari kwenye madirisha ya dawa kwa ajili ya presha.

Na pale picha inapopigwa, ripoti iandikwe kwa kiwango cha kile kilichoonekana. Badala ya kumwandikia mgonjwa kwamba moyo wake ni mzima, iandikwe kwamba mishipa mikubwa haikuonekana kuziba siku hiyo, na kwamba mkakamao na mishipa midogo havikupimwa. Daktari wa wilaya atakayeipokea karatasi hiyo miezi mitatu baadaye, maumivu yakirudi, atajua swali gani bado halijajibiwa.